Joto la Bati Linaua Kuku Kibaha: Je, Povu la Kupuliza Ndiyo Dawa?

Mwezi wa pili, saa nane na nusu mchana, nilipigiwa simu na kijana mmoja wa Visiga. Hakusalimia. "Bwana mifugo, kuku wanaanguka. Siyo ugonjwa, asubuhi walikula vizuri tu." Nikamwambia toeni chakula chote, fungueni maturubai yote, msiwakimbize wala msiwabebe, nakuja. Nikachukua bodaboda.

Nilipofika nilikuta kuku wa nyama 800 wa siku 33 wametanua mabawa, midomo wazi, wanahema kama mbwa. Sitini na kitu walikuwa wameshalala chali, na waliokufa ndio walikuwa wanene kuliko wote. Mnunuzi wa Shekilango alikuwa aje baada ya siku mbili. Hilo kundi ni vijana watano waliochukua mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10. Hauna riba, lakini marejesho yapo palepale.

Nikatundika kipimajoto kwenye kimo cha kichwa cha kuku. Kikasoma nyuzi 37. Nje kwenye kivuli cha mwembe ilikuwa 33. Nawaomba mkumbuke hizo nyuzi nne za tofauti, maana makala hii yote inazihusu. Jua la nje hatuna uwezo nalo. Hizo nne tumezitengeneza wenyewe.

Wiki mbili baadaye simu ikaja tena. Safari hii: "Kaka, kuna jamaa ana mashine, anapuliza povu chini ya bati. Anasema banda litakuwa kama friji. Tuchukue?" Bei aliyowatajia ilizidi faida yao ya mizunguko miwili ya kuku. Nikawaambia msilipe hata senti mpaka nirudi. Maswali ya namna hiyo nimeyapata pia Mlandizi, Kiluvya na Kisarawe mjini, wengine wanauliza kuhusu nyumba za kuishi. Basi leo tuliongee vizuri.

Kwanza tuelewe ni kitu gani. Ukivunja mlango wa friji bovu utakuta ndani kuna kitu cha njano, kigumu, chepesi. Ndiyo hilo povu. Godoro unalolalia nalo ni ndugu yake wa tumbo moja, ila lile limetengenezwa liwe laini. Kitaalamu ni poliyurethani, iliyogunduliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Hili la kupuliza linakuja kwenye mapipa mawili ya kimiminika. Moja lina isosayaneti, lingine lina polioli na viambato vyake. Mashine inayapasha moto, inayasukuma kwenye mipira miwili mpaka kwenye bunduki, yanachanganyikia hapo mdomoni na kurushwa kwenye bati. Ndani ya sekunde chache linaumuka na kuganda.

Yapo mawili. Lile jepesi, ukilibonyeza linabonyea, vitundu vyake viko wazi na linanyonya maji. Lile gumu vitundu vyake vimefungwa, gesi imebaki ndani, na maji hayapiti kirahisi. Lile gumu ndilo linalozuia joto zaidi kwa unene uleule, na ni ghali zaidi. Kwa banda la mifugo, linalooshwa na kupulizwa dawa kila mzunguko, lile jepesi usilifikirie kabisa. Jamaa wa Visiga alipoulizwa anapuliza lipi, alisema "povu la kimataifa". Hilo siyo jibu.

Je, linafanya kazi? Ndiyo, kwa kuzuia joto ni moja ya vitu bora duniani, na sitaki kumwonea mtu kwa kusema uongo. Ndiyo maana wanaotengeneza vyumba vya ubaridi vya samaki, nyama na maua wanalitumia. Shida ni kwamba banda la kuku siyo friji.

Hebu tupige hesabu ya haraka kwa banda la wale vijana. Ni mita 6 kwa 14, na bati la juu ukilipima na mteremko wake linafika kama mita mraba 100. Jua la saa sita likilipiga bati tupu la msauzi, linaweza kufika nyuzi 60 na kuendelea. Ukiweka kiganja chini yake bila kugusa unalisikia joto linashuka. Kuku wako chini analisikia vilevile mgongoni, siku nzima. Kwa makadirio yangu kila mita mraba inashusha kama wati 100, kwa hiyo paa zima ni wati 10,000. Ni kama umening'iniza pasi kumi za umeme darini na kuziwasha zote.

Ukipuliza povu gumu la sentimita mbili na nusu, zile pasi kumi zinabaki tatu hivi. Hapo muuzaji ana haki yake.

Lakini kuna kitu hakukisema. Kuku mwenyewe ni jiko. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 mpaka 42, hana tezi za jasho, na kuku wa nyama anayekaribia kilo mbili anatoa joto la wati 10 mpaka 20 mchana na usiku. Chukua 15, zidisha mara 800. Ni wati 12,000, yaani pasi nyingine kumi na mbili, na hizi ziko sakafuni. Povu halizigusi. Cha kuzitoa hizo ni hewa inayopita, basi. Povu halizalishi ubaridi, linachelewesha joto kupita. Friji ina mota inayotoa joto nje, na povu linalinda kazi ya mota. Ukiweka povu bila mota, na huku maturubai yameshushwa kwa kuogopa upepo, umejenga chupa ya chai. Na usiku, bati tupu linapoa haraka na kuachia joto la banda kwenda angani, ila povu linalichelewesha joto hilo kutoka.

Banda la Visiga lilikuwa na kasoro gani? Ukuta wa tofali ulipanda kozi sita kabla ya wavu, eti kwa sababu ya nyoka. Paa lilikuwa chini kiasi kwamba nilikuwa nainama. Kofia ya juu ilifungwa kabisa. Upande wa upepo palikuwa na stoo ya pumba imejengwa ikaziba. Na lilielekezwa kaskazini-kusini, kwa hiyo jua la asubuhi linaingia ubavu huu na la jioni ubavu ule. Magharibi ndiko walikofia wengi. Banda kama hilo ukilipuliza povu la dola utakuwa umemvisha mgonjwa suti.

Nilichokikuta Kisarawe

Sikutaka kuongea kwa nadharia tu, nikamtafuta mfugaji mmoja upande wa Kisarawe ambaye alipulizia mabanda yake mawili miaka michache nyuma. Jina lake tuliache. Alinipokea vizuri, akanionyesha bila kuficha.

Banda la kwanza lilikuwa zuri. Povu gumu, limepakwa rangi maalumu ya kulifunika, paa lipo juu, pande zote wazi. Mchana ule ukisimama ndani husikii lile joto la kichwani kabisa. Kuku walikuwa wametulia.

Banda la pili lilinifundisha zaidi. Huko walibana hela, hawakuweka rangi ya kufunika, na pembeni povu lilishuka mpaka kwenye ukuta karibu na sakafu. Kuku wamelidonoa. Kuku anadonoa chochote cheupe au cha njano kilicho mbele yake, mnajua. Juu zaidi nikaona matundu madogo kama ya msumari, mengi mno. Ni wale mbawakavu wadogo weusi wanaokaa kwenye maranda. Funza wao wakitaka kubadilika wanapanda ukutani kutafuta mahali laini pa kujichimbia, na povu kwao ni hoteli. Ukimaliza kuuza kuku, ukatoa maranda na kupuliza dawa sakafuni, wao wako salama mle ndani wanasubiri vifaranga vyako vipya. Wanabeba vimelea vya magonjwa, salmonela ikiwemo, kutoka kundi moja kwenda lingine. Panya nao walikuwa wameweka kiota. Na sehemu mbili povu lilikuwa limebanduka lote kama ganda la chungwa, kwa sababu fundi alipuliza juu ya bati lenye vumbi la manyoya bila kuliosha. Hata bati jipya huwa lina mafuta ya kiwandani, usipolisafisha povu halishiki.

Akaniambia jambo lingine ambalo sikuwa nimelifikiria. Bati lilipotoboka, hakujua linavuja wapi. Maji yanaingia hapa, yanatembea kati ya povu na bati, yanatokea kule. Huku bati linakula kutu kimyakimya. Na kenchi zilizofunikwa huwezi kuzikagua kama mchwa wameanza. Kwa mchwa wetu wa Pwani hilo siyo jambo dogo. Uingereza, ambako watu wengi walipulizia mapaa ya nyumba, baadhi ya benki zinakataa kutoa mkopo kwa nyumba ya namna hiyo, kwa sababu mkaguzi haoni mbao.

Moto

Hapa naomba msome taratibu, maana kuhusu moto sina utani.

Wengi wetu tunalea vifaranga kwa jiko la mkaa. Wiki mbili za mwanzo jiko linawaka usiku kucha ndani ya banda lenye maranda makavu, na kijana aliyelala pembeni kachoka. Sasa juu yake weka paa la povu lisilofunikwa. Povu la kupuliza huwa linawekwa dawa ya kuchelewesha moto, lakini kuchelewesha siyo kuzuia. Likishika, linawaka kwa kasi na moshi wake mweusi una kaboni monoksidi na gesi ya sayanidi. Usiku wa tarehe 27 Januari 2013 huko Santa Maria, Brazil, fataki iliwasha povu la jamii hii hii ya poliyurethani lililokuwa darini mwa klabu moja ya muziki, kwa ajili ya kupunguza sauti. Watu 242 walikufa, wengi wao kwa moshi. Lile lilikuwa la aina laini, lakini moshi ni uleule.

Kwa hiyo mtu yeyote anayelea kwa mkaa au kwa kandili, povu wazi ndani ya banda jibu langu ni hapana. Siyo "inategemea".

Kuna pia wakati wa kupuliza kwenyewe. Mvuke wa ile isosayaneti unaweza kumpa mtu pumu, na mwili ukishaikataa mara moja, siku nyingine hata kidogo kinamletea shambulio. Fundi anatakiwa avae nguo ya mwili mzima na barakoa yenye hewa safi ya kuvutia, siyo kile kitambaa cha wakati wa korona. Ukimwona kaja na miwani ya jua na kandambili, mrudishe. Banda liwe tupu, watu wasiingie kwa angalau saa 24. Kwa kuku mimi ningesubiri siku tatu pande zikiwa wazi, kwa sababu mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika kuliko yetu.

Kama bado unalitaka

Hapa siandiki kukukataza. Kuna mahali povu linalipa. Una mboga unapeleka hotelini Dar na unataka chumba cha ubaridi: hapo huna ujanja, kuta na dari lazima viwe na povu, la kupuliza au la paneli, vinginevyo kiyoyozi kitakula umeme mpaka ulie. Stoo ya mayai ya kutotolesha, vilevile. Banda lililofungwa kabisa lenye mafeni makubwa ya kuvuta hewa, linalolea kwa gesi iliyowekwa kitaalamu, nalo linahitaji paa lenye kizuizi. Hapo mota ipo, povu linalinda kazi yake.

Ukifika hapo, bei itajwe kwa mita mraba na kwa unene, kwa maandishi. Uliza mita mraba inapimwa bapa au kwa kufuata mawimbi ya bati, maana mawimbi yanaongeza eneo na hapo ndipo ugomvi unapoanzia siku ya kulipa. Taja kwamba unataka gumu. Fundi aoshe bati na likauke kabisa. Akimaliza, chukua waya mwembamba ulioupima sentimita, chomachoma sehemu kumi tofauti uone kama unene uliolipia upo. Halafu lifunikwe, kwa rangi yake maalumu au kwa bodi, na lisishuke chini ya mahali kuku anapofika. Sehemu inayopigwa na jua moja kwa moja nayo ifunikwe, jua linalifanya lipauke na kuwa unga.

Kwa nyumba ya kuishi nitasema kifupi, mimi siyo fundi ujenzi. Kama una dari tayari, tatizo mara nyingi ni hewa ya moto iliyonasa kati ya dari na bati. Ipe njia ya kutoka kwanza, matundu yenye wavu kwenye kingo na juu kabisa. Ukitaka povu, lifunikwe na jipsam, nyaya za umeme zikaguliwe kabla hazijafichwa, na familia ilale kwa ndugu siku hiyo.

Tulichofanya Visiga

Tulianza na kofia ya paa. Fundi wa bati aliifungua, akainua kipande cha juu kama sentimita 30, akaweka wavu wa ndege. Hewa ya moto hupanda yenyewe, inahitaji tundu tu. Ukuta ukavunjwa mpaka kozi mbili, na kwa ajili ya nyoka tukaweka wavu wa matundu madogo. Stoo ya pumba ikahamishwa. Mwelekeo wa banda hatukuweza kuubadilisha, kwa hiyo upande wa magharibi tukatoa upenu wa makuti wenye upana wa mita moja na nusu. Makuti ya Kisarawe bado ni bei ya kawaida, na kwa kivuli sijaona kitu kinachoyazidi. Kuna wanaoyalaza juu ya bati lenyewe na kuyafunga kwa waya. Yanapoza kweli, ila yanashika maji ya masika na kulisha kutu, kwa hiyo yashushwe mvua zikianza.

Bati tukalipaka chokaa. Weupe unarudisha jua lilikotoka kabla halijawa joto, na chokaa kinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Tulichanganya na maji mpaka kikawa mzito kama uji wa mtoto, tukaongeza gundi nyeupe ya mbao ili kishike, tukapaka mikono miwili asubuhi na mapema kabla bati halijapata moto. Mvua inakiondoa, hilo lijulikane, kila msimu wa joto unarudia. Na kama unavuna maji ya paa, toa bomba la tangi mpaka mvua mbili tatu zimeosha. Ukiwa na hela kidogo, rangi nyeupe ya nje ya maji inadumu zaidi.

Simtanki lao jeusi lilikuwa juani. Maji ya saa nane yalikuwa kama ya kuogea mtoto, kuku hawanywi hayo. Likaenda chini ya mwembe na bomba likafukiwa. Idadi ikashuka kutoka 800 mpaka 650 kwa miezi ya Desemba hadi Machi. Hapo walibisha sana, na nawaelewa, mkopo una tarehe zake. Nikawaambia wahesabu wale sitini na kitu waliozikwa walikuwa wamekula mifuko mingapi.

Chakula kinatolewa saa nne asubuhi na kurudishwa saa kumi jioni siku za joto kali, kwa sababu kusaga chakula nako kunamwongezea kuku joto. Wanafidia alfajiri na usiku kwa taa. Waliuliza pia kuhusu mashine za kunyunyiza ukungu. Dodoma ningesema ndiyo. Kwetu Pwani hewa tayari ina unyevu mwingi, maji hayakauki vizuri, unalowesha maranda na kuleta kuhara na amonia. Bora feni ya kusukuma hewa juu ya migongo ya kuku.

Vyote hivi havikufika hata nusu ya bei ya lile povu. Hela iliyobaki wamelipia marejesho ya miezi miwili.

Mzunguko wao wa Juni na Julai ulitoka vizuri, lakini sihesabu, Julai Kibaha hata banda bovu linapita. Mtihani ni Januari. Vipimajoto viwili vimetundikwa, kimoja kwenye kimo cha kuku na kingine chini ya mwembe, na kila siku saa nane mchana kijana ananitumia picha ya vyote viwili. Nasubiri kuona zile nyuzi nne zimebaki ngapi. Na wewe mwenye banda Soga, Misugusugu au Maneromango, fanya vivyo hivyo kwa wiki mbili halafu nitumie namba zako kabla hujamwita mtu wa povu.